Pikipiki Niliyoifundisha Kuugua

Vijana wa Sake wamepata kiwanja. Ni ile sakafu ya saruji ambayo zamani kahawa ilianikwa juu yake, na nyuma yake pana udongo mweusi wa volkano. Wamechora njia ya kuzunguka, nusu saruji na nusu udongo, na mahali pamoja wamelaza magogo ili pikipiki iruke. Mchezo wenyewe wanauita supermoto. Wameuona kwenye simu. Wiki niliyofunga garaji yangu na kugawa funguo zangu walinijia wanne. Wakasema (moto kwetu ni pikipiki): Kaka Deo, weye umechagua moto miaka zaidi ya makumi mbili, utuandikie tuchague namna gani.

Nawaandikia. Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na sita. Karani wa serikali atacheka, ila mtu ambaye uti wake wa mgongo umepita njia ya Walikale hatacheka. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo kilikuwa kimoja tu, na mshahara mnaujua.

Jibu fupi ni hili: mnachotafuta ni pikipiki ya matope iliyovaa viatu vya lami. Iwe nyepesi, ya silinda moja. Magurudumu yawe ya inchi kumi na saba mbele na nyuma, yenye tairi pana, si lile gurudumu jembamba refu la mbele ambalo linafaa kukata tope na kwenye saruji linateleza kama sabuni. Diski ya breki ya mbele iwe kubwa, kwa sababu mtafika kwenye kona mkiwa mmechelewa kufunga breki. Ndiyo raha yenyewe. Furshi, yaani ile miguu miwili ya mbele, iwe ndefu lakini ngumu. Ikalieni mbele, fungeni breki: ikiinama kama mtu anayesujudu, iacheni. Usukani uwe mpana. Meno ya gia ya nyuma yaongezwe mawili au matatu, ili itoke kwenye kona kwa hasira. Na msianze na injini kubwa eti kwa sababu binti fulani atakuwa anatazama. Silinda ya mia mbili na hamsini inatosha kumvunja mtu yeyote.

Jibu refu ndilo nililositasita kuliandika.

Niliingia katika kazi hii bila kuitafuta. Nilimaliza sekondari wakati wa vita, katika shule ambayo madawati yake yaligeuzwa kuni kati ya mtihani wa hesabu na mtihani wa Kifaransa. Wazazi wangu walilima maharagwe juu ya milima ya Masisi, nao walitaka nibaki. Sikujua kubaki, na mpaka leo nikisikia injini inapanda kilima nyayo zinaniwasha. Niliwafuata wabeba mizigo kwa miguu hadi Walikale, nikaingia msituni, nikatokea Mubi. Mubi ilikuwa barabara moja yenye maduka ya mbao pande mbili, malori yaliyozama tope hadi milangoni, na watu wote wakiwa ama wanakwenda kwenye machimbo ama wanatoka. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka upande wa Butembo ambaye sote tulimwita Patron, alikuwa na duka la chumvi na ndala, na nyuma ya duka alikuwa na pikipiki kumi na nne. Fundi wake aliitwa Papa Kambere.

Papa Kambere alikuwa mfupi, Mkatoliki wa kweli. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kupiga kiki, na injini ikikataa kuwaka alisema maneno ambayo yalihitaji ishara nyingine ya msalaba. Siku ya kwanza alinipa turnevisi, yaani bisibisi, ndefu kama mkono wangu.

“Weka mupini ku sikio, ncha ku injini,” akasema. “Unasikia nini?”

“Kelele, Papa.”

“Kelele iko ku soko. Hapa kuko sauti. Rudia kesho.”

Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya nne nilimwambia kwamba juu, karibu na kichwa cha injini, kuna kitu kinasuguana kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Hakunisifu. Alinipa ufunguo namba kumi akasema nifungue. Ndani ile cheni ndogo inayozungusha vali ilikuwa imelegea, ikipiga ukuta wake. “Hiyo cheni ikikatika,” akasema, “injini inazima kama mushumaa, na hata ukipiga kiki mpaka Pasaka haiamuke. Lakini inakulilia mbele ya kufa. Moto yote inalia mbele. Ni watu njo wanakufa bila kusema.”

Pikipiki zetu zilikuja kwa ndege. Karibu na Mubi palikuwa na kipande cha barabara chenye lami, na ndege ndogo zilitua papo hapo barabarani. Mlio ukisikika, kila mtu aliondoa mbuzi wake. Ndege ikishaondoka lami ile ilikuwa yetu. Nilikimbiza kila pikipiki mpya hadi mwisho wa lami, nikafunga breki pale pale inapokutana na tope, nikaingia kwenye tope nikiwa nimelala upande, mguu mmoja nje. Mnaona basi kwamba supermoto niliicheza kabla yenu, ila bila makofi. Pikipiki mbovu inajisema mahali hapo, kwenye mpaka wa lami na udongo. Nzuri inatingisha mkia kidogo, inasamehe, inaendelea.

Kuchagua, hata hivyo, kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuzeesha, nanyi vijana hamkuiona.

Kati ya Mubi na Masisi palikuwa na barieri nyingi, yaani vizuizi vya wenye bunduki, leo hawa, kesho wengine. Pikipiki nzuri haikupita barieri tatu. Walimwambia motari, yaani mwendesha pikipiki, ashuke, wakaipanda, na yeye akarudi kwa miguu akimshukuru Mungu kwamba ana miguu. Kwa hiyo pikipiki mpya tuliizeesha siku ile ile ilipofika. Tulikwangua rangi kwa mchanga. Tulifunga tangi kwa vipande vya mpira wa ndani ya tairi, tukachana kiti, tukaondoa vioo. Papa Kambere alipokwenda Butembo kutibiwa kifua, akaniacha peke yangu, mimi nikaongeza ufundi wangu mwenyewe, nao ulikuwa wa namna mbili.

Wa kwanza ulikuwa robine, koki ndogo ya plastiki niliyoikata kutoka bomba la kunyunyizia dawa ya mimea. Niliificha chini ya kiti, kwenye mpira unaoleta mafuta. Motari akiona barieri mbaya aliifunga kwa vidole viwili. Mwenye bunduki akichukua pikipiki, ilikwenda mita mia tatu, ikazima. Alipiga kiki, akatukana, akarudi: “Chukua maiti yako.” Kasoro yake ni kwamba mara nyingine mitetemo ya njia iliifunga yenyewe. Basi wamotari wote niliwafundisha sala moja: ikizima njiani, angalia robine kwanza.

Wa pili ulikuwa kikopo cha nyanya chenye nati mbili ndani, nilichokifunga kwa bolti juu ya injini, chini ya tangi. Injini ikizunguka, kikopo kilitoa mlio wa mahindi makavu, mlio ule ule niliousikia siku ya nne. Mwenye bunduki aliyejua pikipiki kidogo alisikiliza, akakunja uso, akasema hii imekwisha. Wamotari walicheka sana. Bahati, rafiki yangu, alikuwa akiwaambia abiria: “Musiogope. Moto yangu iko na pumu, lakini ni ya kuigiza.”

Papa Kambere alipopona alikuja mara moja kutuaga. Alisikiliza kikopo changu. Kisha akasema, “Ni akili. Lakini kila unapoipima, ondoa kwanza uongo wako. Bila hivyo utakuwa unasikiliza weye mwenyewe, si injini.”

Nilitii zaidi ya mwaka mzima. Kila nilipochagua pikipiki ya safari ndefu nilifungua ile bolti, nikatoa kikopo, nikaweka turnevisi sikioni.

Bahati alikuwa motari tu, si fundi. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka, mtu wa kutengeneza urafiki na kila askari hadi wa mwisho. Mke wake alikuwa Kirolirwe, kwenye nchi ya malisho, kwa wazazi wake, kwa sababu mimba ilikuwa kubwa na Mubi hapakuwa na daktari. Ndipo vita viliporudi juu ya vilima vile. Siku moja asubuhi dereva wa lori alileta habari: Kirolirwe wanakimbia kuelekea Sake, mke wa Bahati amepasuliwa kwenye kituo cha afya, mtoto msichana yuko salama, lakini mama hawezi kutembea, na muuguzi anajitayarisha kuondoka.

Bahati alinikuta garajini. Hakuwa anacheka.

“Kaka Deo, nipe moto ya kufika na kurudi. Patron amekubali. Nipe ile unaweza kumupatia dada yako.”

Zilikuwa nne. Mpya kabisa ya silinda mia mbili, iliyokuwa bado inang’aa, sikuwa nimeizeesha. Mbili zilizobeba magunia mpaka springi zikawa ngumu kama mawe; mwanamke aliyeshonwa tumbo asingeweza kuzikalia. Na nyekundu ya mia moja ishirini na tano, nyepesi, yenye furshi laini, iliyozeeshwa vizuri kuliko zote. Hata mimi nilipoitazama niliihurumia.

“Ile mpya?” akauliza Bahati.

“Ile mpya wataichukua ku barieri ya Nyabiondo, ukitembea toka pale utafika mutoto amekwisha kuoa— kuolewa.”

Alicheka kidogo. Niliwasha ile nyekundu. Mahindi makavu yakaanza. Nilichukua ufunguo namba kumi nifungue kikopo. Bolti ilikuwa na kutu, haikuzunguka. Nilitia mafuta. Ilipaswa kungoja robo saa, au nusu, mafuta yaingie. Bahati alikuwa amekwisha kufunga kanga mbili na kopo la uji kwenye kiti, amesimama, ananitazama mikono.

Niliweka turnevisi juu ya injini hivyo hivyo, kikopo kikiwa mahali pake. Nikasikia mahindi makavu. Nikasema moyoni: sauti hii naijua, ni yangu.

“Iko muzuri,” nikamwambia. “Ikizima, ni robine. Hakuna kingine kinaweza kuizimisha.”

Niliitamka sentensi hiyo hivyo hivyo. Nimeipima miaka kumi na minane na haijapungua uzito.

Alifika. Hilo nalijua kutoka kwa mke wake. Alipita barieri zote. Katika moja askari walimcheka, wakamwambia amuzike huyo ng’ombe wake mwekundu. Alifika Kirolirwe siku ya pili, saa za mchana, akamkuta mke wake kwenye kituo cha afya kisicho na mtu, mtoto kifuani, mlango umeegemezwa kwa kitanda. Alimweka mbele, juu ya tangi, amelaza mgongo kwenye kifua chake ili tumbo lisivutike, mtoto amefungwa kwa kanga katikati yao. Wakashuka kuelekea Sake polepole, kama watu wanaobeba mayai.

Pikipiki ilizima katikati ya malisho, mahali pasipo mti wala nyumba. Milio ya bunduki ilikuwa nyuma yao, kwenye kilima cha pili.

Bahati alimshusha mke wake. Alipiga kiki. Fundi angejua papo hapo: mguu unashuka mwepesi, kama unakanyaga maji, maana vali hazifungi tena. Bahati alikuwa motari, na motari ana sala yake. Alitoa kiti, akapapasa robine. Ilikuwa wazi. Aliifunga, akaifungua. Akapiga kiki. Akatoa mpira wa mafuta, akaupuliza.

Wakati huo ikapita familia inayokimbia, wanaume wanne wamebeba godoro juu ya kipoyi, ile machela yetu ya miti. Mzee wao alimtazama mama na mtoto, akawaambia wanawe watupe godoro. Walilitupa. Wakamlaza mke wa Bahati.

“Tukwende wote,” mke wake alimwambia.

“Mutangulie. Moto haina kitu. Deo ameniambia. Nitawakuta mbele.”

Yule mzee akasema, “Kijana, acha hiyo chuma.”

“Papa, haijafa. Dakika mbili.”

Waliondoka. Mke wake alikuwa amelala chali kwenye kipoyi, hivyo aliona njia ya nyuma muda wote mpaka kona. Aliona Bahati amepiga magoti, tangi liko chini kwenye majani, ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano. Baada ya kona walisikia bunduki karibu. Hakuna aliyewakuta mbele.

Watu walimzika pembeni ya njia. Baada ya majuma mawili njia ilipotulia nilikwenda na motari mwingine. Pikipiki ilikuwa pale pale. Hakuna aliyeitaka, kazi yangu ya kuzeesha ilikuwa nzuri. Funguo za Bahati zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa. Mpira wa mafuta ulikuwa umekatwa na kuunganishwa mara tatu. Robine alikuwa ameing’oa kabisa, yaani alikuwa amekwisha kunielewa, ameondoa uongo wangu mmoja. Ule wa pili, kikopo, ulikuwa mahali pake. Nilifungua injini hapo hapo kwenye majani. Cheni ya ndani ilikuwa imekatika, na ukuta wake umelika mpaka chuma kinang’aa. Ilikuwa imelia kwa majuma. Ililia mbele yangu, turnevisi sikioni mwangu.

Nilimkuta mke wake Sake, kwenye hema la wakimbizi. Sasa aliitwa Mama Riziki, kwa jina la mtoto. Aliniuliza swali moja: “Ile moto ilikuwa na nini?”

Nikasema, “Ilichoka, dada.”

Nilirudi kazini. Sikuweka kikopo tena katika pikipiki yoyote, nikawaambia wamotari kwamba nati zimeadimika. Nilifanya kazi Mubi miaka mingine sita, kisha Walikale, kisha Masisi-Centre, kisha hapa Sake. Sikukaa mahali zaidi ya nilivyolazimika. Watu walinisifu kwamba hakuna fundi anayepima pikipiki kwa muda mrefu kama mimi. Mteja mmoja aliwahi kwenda kula, akarudi, akanikuta bado nimeinama. Ni kweli. Vijana, mkipata pikipiki ya kiwanja chenu, toeni kila kinachotikisika kabla ya kusikiliza: taa, vioo, kifuniko cha cheni, namba. Subirini bolti yenye kutu. Hata kama anayesubiri amesimama anawatazama mikono, subirini.

Nilipoanza kuandika ukurasa huu niliona siwezi kuumaliza kabla Mama Riziki hajausikia. Jumanne nilikwenda sokoni anakouza viazi. Alikuwa anachagua, vilivyokatwa na jembe upande huu, vizima upande ule. Nilikaa juu ya gunia nikamwambia yote: kikopo, bolti, turnevisi, na ile sentensi ya robine. Alisikiliza bila kuacha kuchagua. Nilipomaliza alishika kiazi kimoja kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo alikuwa anatafuta ile kitu weye ulimwambia,” akasema.

“Ndiyo.”

“Hakubaki juu ya kupenda moto.”

Sikuelewa. Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

“Kaka Deo, miaka kumi na munane nilizani bwana yangu alituona miye na mutoto, akaona na ile moto, akabaki na moto. Nilimukasirikia mupaka nikachoka. Kila mwaka watu wa familia wanakwenda kutengeneza kaburi, miye nasema niko na soko.” Aliweka kiazi chini, katikati, si upande huu wala ule. “Na Riziki akiniuliza baba yake alikuwa muntu wa namna gani, nilimwambia. Njo vile nilimwambia: baba yako alitubadilisha na chuma.”

Nilisema nisamehe, dada. Alijifuta mikono kwenye kanga, akamwomba jirani amwangalizie viazi.

“Kaa hapo hapo,” akasema. “Usisimame. Riziki iko ku masomo, ni karibu. Nakwenda kumuleta, na utarudilia yote mbele yake, toka mwanzo.”

Nilikaa juu ya gunia. Baada ya muda niliwaona wanakuja kati ya watu, mama mbele, na nyuma yake msichana mrefu sana aliyevaa shati jeupe la shule.